Kuitambua Orodha Njema ya Wanakikundi

Katika kila programu ya mazungumzo ya simu ya mkononi umo ukurasa mmoja ambao watumiaji huupitia upesi na mafundi huushughulikia mwisho, wakati nguvu zimekwisha na mwenye kazi ameanza kudai kazi yake. Nao ni ule ukurasa unaofunguka mtu aligusapo jina la kikundi, ukamwonyesha, mmoja chini ya mwingine, wote waliomo. Mwenye kutaka kuijua thamani ya programu nzima na aanzie hapo. Uwanja wa mazungumzo wenyewe, pamoja na visanduku vyake vya maneno na tiki zake mbili za buluu, fundi yeyote mwenye macho aweza kuunakili kutoka WhatsApp na kazi ikapendeza. Ama orodha ya wanakikundi humlazimisha aamue nani atangulie na nani afuate, nani aitwe kwa jina gani, nani awe na uwezo juu ya nani, na habari zipi za mtu ni halali kwa mwenziwe kuzijua, na maamuzi haya hayanakiliki, kwa kuwa kila jamaa ina taratibu zake na heshima zake.

Siku hizi ni nadra fundi kuijenga orodha hiyo tangu msingi. Yako makampuni, kama vile CometChat, Sendbird na Stream, ambayo kazi yao ni kuwauzia watengeneza programu vipande vilivyokwisha undwa, ambavyo wenyewe katika kazi hiyo huviita komponenti. Na fundi akishakitia kipande kimoja katika programu yake kwa mistari michache ya msimbo, papo hapo orodha husimama, ina picha za watu, majina yao, mahali pa kutafutia, na alama ya kumtambulisha msimamizi. Kisha ndipo ianzapo kazi ya kukigeuza kipande kiwafae wenyewe: rangi na herufi, mstari wa pili chini ya jina, kile kikaacho mwisho wa safu upande wa kulia, vitufe vya kutenda, namna ya kupanga na namna ya kuchuja. Kwa hiyo mhakiki hana haja ya kuuliza iwapo orodha yafanya kazi, maana kilichonunuliwa tayari hufanya kazi. Na aulize fundi amegeuza nini, ameacha nini, na je, kila alichokigusa alikigusa kwa ajili ya watu watakaoandikwa humo au kwa ajili ya kuyafurahisha macho ya aliyemwajiri. Rai yangu, ambayo sitaificha, ni kuwa aliyeanza kwa rangi ameanzia mwisho.

Ili maneno yapate pa kushika, tuchukue mfano wa jamaa waliojiunga kuweka akiba na kukopeshana, ambao Tanzania hujiita kikoba na Kenya hujiita chama, wapatao watu themanini, wenye mwenyekiti, katibu na mhazini, ambao wameamua kuwa na programu yao wenyewe badala ya kuendelea kutegemea kundi la WhatsApp.

Jambo la kwanza ni jina. Mtu wa pwani aghalabu huandikwa kwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu, na miongoni mwa watu themanini si ajabu kuwakuta akina Fatma Salim watatu ambao hawatofautiki ila kwa jina la tatu. Kipande, kama kilivyotoka kwa aliyekiunda, kwa kawaida hulipa jina mstari mmoja, na jina likizidi upana wa kioo cha simu hulikata mwishoni na kutia vitone vitatu; yaani hulikata pale pale ilipo tofauti, na mhazini anayetaka kuyaandika marejesho ya mkopo hubaki akiwatazama Fatma Salim watatu walio sawasawa. Fundi mjuzi huliachia jina mistari miwili; au, na hili ndilo bora zaidi, huutumia ule mstari wa pili, ambao wengi huuacha uandike neno "Mwanachama" mara themanini, neno ambalo kwa kuandikwa kwa kila mtu halimwambii mtu lolote, akauandikia kitu cha kumpambanua mwenye jina: namba yake ya uanachama, tawi lake, au mtaa wake. Mhakiki asiridhike na majina ya mfano aliyoyatia fundi siku ya kuonyesha kazi, kwa sababu majina hayo huchaguliwa mafupi. Na achukue simu kwa mkono wake aandike jina la Mwanakhamis binti Abdulrahman bin Sheikh Ali, kisha atulie atazame.

Asiye na picha naye ana haki yake. Vipande hivi, mtu akiwa hakuweka picha, huchukua herufi za mwanzo za jina lake vikaziweka ndani ya duara lenye rangi. Huko vilikoundwa jambo hilo huenda likatosha. Kwetu, ambako watu hujiandikisha kwa Mama Fulani, Mzee Fulani na Mwalimu Fulani, nusu ya orodha hugeuka kuwa herufi M ndani ya duara, na alama iliyokusudiwa kuwatenganisha watu ikawachanganya. Dawa yake si ngumu: programu ifundishwe kuziruka lakabu za heshima kabla ya kuchukua herufi, na rangi ya duara itokane na namba ya ndani ambayo mfumo umempa kila mtu, isitokane na jina lake, ili mtu akilisahihisha jina asibadilike rangi machoni pa wenziwe. Na litazamwe pia jina linaloanza kwa emoji, kwani wako wengi wanaotanguliza ua au moyo: alama hizo, ndani ya kompyuta, aghalabu huundwa kwa sehemu mbili au zaidi, na programu iliyozoea kuihesabu kila sehemu kuwa herufi kamili huikata nusu, kikatokea kisanduku kitupu mahali palipotarajiwa alama ya mtu.

Ipo kasoro nyingine ambayo mafundi wageni hawaijui kabisa, nayo ni ya majina kama Ng'ang'a na Ng'wandu. Tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017, kibodi ya iPhone hukigeuza yenyewe kile kibano cha juu, yaani ritifaa, kikawa kilichopinda, isipokuwa mwenye simu ameizuia isifanye hivyo, ilhali kibodi nyingi za Android huandika kilichonyooka. Kwa macho ya binadamu ni kitu kimoja, kwa hesabu ya kompyuta ni alama mbili mbali, na matokeo yake ni kuwa mwenye kumtafuta Ng'ang'a kwa simu hii hamwoni Ng'ang'a aliyejiandikisha kwa simu ile, akadhani mwenziwe amekwisha jitoa. Orodha njema hulisawazisha jina kabla ya kulilinganisha, kama isawazishavyo herufi kubwa na ndogo. Na ikiwa fundi ni mtu anayewajua watu wake, basi atakayemtafuta Mohamed atawapata na Mohammed na Muhammad.

Kwa vikoba vilivyo na jamaa zao Maskati na Dubai liko na la hati. Mtu akijiandika kwa herufi za Kiarabu, jina lake huenda kutoka kulia, na likikaa mstari mmoja na tarakimu au neno la Kiswahili, mpangilio huvurugika, namba ya uanachama iliyopaswa kulifuata jina ikarukia upande wa pili na kushikamana na kisichokuwa chake. Unicode, katika toleo lake la 6.3 la mwaka 2013, iliongeza alama zisizoonekana ambazo kazi yake hasa ni kulitenga jina la namna hii lisiyaharibu maneno yaliyo jirani nalo. Waulize mafundi kumi juu ya alama hizo, na atakayekujibu bila ya kwenda kutafuta, mpe kazi.

Baada ya jina huja utaratibu wa kupanga, na hapa sina haja ya maneno mengi. Discord huwapanga watu kwa vyeo vyao na kuwatenga wasiokuwepo. WhatsApp huwatanguliza wasimamizi. Programu nyingi nyingine hupenda kuwapandisha juu wale ambao wakati huo simu zao ziko wazi. Kwa chama cha fedha mtindo huu wa mwisho ni mbaya. Orodha inayojipanga upya kila mtu anapoingia na kutoka humfanya msomaji apeleke kidole kwa Juma akamgusa Mwanaisha, na katika ukurasa wenye kitufe cha kumwondoa mtu, jambo hilo huvuka mpaka wa kuudhi likawa la hatari. Viongozi watangulie kwa daraja za vyeo vyao, wengine wafuate kwa alfabeti, na orodha ikishafunguliwa isitikisike mpaka ifungwe.

Sasa tumefika penye kiini cha mambo, yaani mamlaka. CometChat, mathalan, humweka kila mwanakikundi katika mojawapo ya daraja tatu: msimamizi, mratibu, au mshiriki wa kawaida; nayo Sendbird humpambanua mwendeshaji wa kikundi na waliobaki. Daraja hizi ni za uwezo: nani aweza kumtoa nani, nani aweza kubadili nini. Ama vyeo vya kikoba ni jambo jingine kabisa. Mhazini ni mtu mkubwa, lakini kazi yake haimlazimu awe na uwezo wa kumfukuza mtu. Kijana aliyeiweka programu ana kila uwezo, wala chamani hana cheo chochote. Fundi asiyefikiri hulazimisha vyeo viingie ndani ya daraja za kipande, akampa mhazini usimamizi kwa kuwa ni mkubwa, na hatima yake ni kuwa mtu amepata nguvu ambazo katiba ya chama haikumpa, na huenda yeye mwenyewe hazijui, mpaka siku kidole chake kitakapoteleza. Fundi mwenye busara hutenga mambo haya mawili: cheo hukiandika wazi katika safu, kwa jina lile lile lililomo katika katiba, na uwezo huuweka mahali pake, ukagawiwa kwa kila mtu kwa kadiri ya haja. Telegram walilitambua jambo hili vizuri, kwani msimamizi wa kikundi huko aweza kupewa anwani yoyote isiyozidi herufi 16, na idhini zake zikachaguliwa moja moja pasipo kuiangalia anwani hiyo yasema nini. Mhakiki akiikuta orodha ambayo neno "Admin" limeandikwa mbele ya mwenyekiti, na mbele ya katibu, na mbele ya mhazini, na mbele ya yule kijana, ajue kuwa fundi hakuuliza swali hata moja kabla ya kuanza kazi.

Swali la pili katika mlango huu ni zito kuliko la kwanza. Mwanachama wa kawaida afunguapo safu ya mwenziwe hakioni kitufe cha kumwondoa, na mwenye kazi hufurahi, akaamini kuwa ulinzi umetimia. Walakini kukificha kitufe ni jambo moja na kuikataa amri ni jambo jingine, kwa kuwa mtu mwenye ujuzi kiasi aweza kuituma ile amri kwenye seva bila ya kupitia kitufe chochote. Ulinzi wa kweli uko kwenye seva, na orodha kazi yake ni kuutangaza tu. Kuna jaribio rahisi la kuupima, nalo halihitaji ila simu mbili. Katika simu ya kwanza awepo mtu aliye msimamizi, naye afungue safu ya mwanachama mmoja mpaka vitufe vya kutenda vionekane, kisha asiguse kitu. Katika simu ya pili, mwenye kikundi amvue yule mtu usimamizi. Sasa arudi kwenye simu ya kwanza, ambako kitufe bado kipo mbele yake, akibonyeze. Orodha bora itaikataa amri, itamweleza kwa maneno ya kawaida kuwa hana tena idhini hiyo, na itajisahihisha papo hapo. Orodha ya wastani itakaa kimya, ukabaki hujui kama jambo limefanyika au halikufanyika. Iliyo mbovu itatii, na hapo ukaguzi uishe, simu irudishwe kwa mwenyewe, na fedha zisilipwe.

Hata kwa mwenye idhini, kumtoa mtu kusiwe jambo jepesi. Baadhi ya mafundi hupenda safu iteleze kwa kidole upande wa kushoto na kitufe chekundu kijitokeze. Mimi sikipendi kitendo hiki katika orodha ya watu, kwa sababu kidole kinachopandisha orodha na kinachoitelezesha kando ni kile kile, na mzee mwenye mkono unaotetemeka hana namna ya kuvitenganisha viwili hivyo. Kitendo kikae ndani ya safu, si juu yake; na programu inapotaka kuthibitishiwa isiulize "Una hakika?", bali imtaje mtu kwa majina yake matatu na ieleze kitakachotokea, kwa mfano kuwa hataona ujumbe mpya lakini michango yake iliyokwisha andikwa haitafutika. Vipande vingi hupambanua kumtoa mtu na kumzuia: aliyetolewa aweza kurudi akikaribishwa, aliyezuiwa hawezi mpaka zuio liondolewe. Wako mafundi ambao, kwa kutaka kurahisisha, huviunganisha vitendo hivyo viwili kikawa kimoja, na kwa kufanya hivyo humweka mwanachama aliyechelewesha marejesho sawa na tapeli. Nimewaona wakiuita urahisi huo usanifu. Kadhalika, mwenye kikundi asiweze kutoka kabla hajamkabidhi mwingine, la sivyo chama kitabaki na orodha isiyo na wa kuisahihisha, na kila mwanachama mpya itabidi aombewe ruhusa kwa mtu ambaye hayumo.

Namba za simu ni mtihani wa peke yake. Katika WhatsApp, tangu zamani, ukimkuta mtu ambaye hukumhifadhi katika simu yako utaiona namba yake, pamoja na lile jina alilojichagulia likitanguliwa na alama ya wimbi. Na watu wengi, kwa mazoea hayo, huona kuwa orodha isiyo na namba imepungukiwa. Lakini kwetu namba ya simu si namba ya simu tu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na huduma za namna hiyo zikaenea kila upande, namba ndiyo anwani ya mkoba wa mtu. Na hakuna asiyewahi kuupokea ule ujumbe wa matapeli umwambiao kuwa ile hela aitume kwenye namba hii. Orodha ya kikoba yenye majina kamili, vyeo na namba za watu themanini ni hazina kwa mtu wa namna hiyo, maana imemwambia nani mhazini, nani hutuma fedha kila wiki, na kwa nani. Sheria nazo zimeliingilia jambo hili: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinataka habari za mtu zitumike kwa kusudi lile lile zilizokusanyiwa. Mtu alitoa namba yake ili ajiunge na chama, hakuitoa ili watu sabini na tisa waitazame.

Hata hivyo nisieleweke kuwa kuficha ni fadhila kila mahali. Telegram humruhusu msimamizi wa kikundi kilichozidi watu 100 kuificha orodha nzima isionekane kwa wanachama, na Signal imefika mbali zaidi, hata seva zake zenyewe haziwezi kuisoma orodha ya waliomo. Haya yana mahali pake, kwa watu wenye kuogopa kujulikana. Katika chama cha fedha kuificha orodha ni kinyume cha amana, kwa kuwa kila aliyeweka shilingi yake ana haki ya kujua imechanganyika na za nani. Majina basi yaonekane yote, namba zisionekane, isipokuwa ya mhazini ambayo ndiyo ya kulipia, na hiyo nayo iandikwe mahali ambapo mtu mwingine yeyote hawezi kuibadili.

Nakuja kwenye mambo ya chini, ambayo hayaonekani mpaka orodha ipandishwe kwa kasi, na ambayo mhakiki hana budi kuyageukia kama mnunuzi wa mkeka ageuzavyo upande wa chini autazame mshono wa ukili. Tangu UITableView ya iPhone mwaka 2008, na RecyclerView ya Android iliyokuja mwaka 2014, orodha za simu hazitengenezi safu themanini kwa watu themanini. Hutengeneza safu chache, kiasi cha kukijaza kioo na ziada kidogo, kisha safu inayotoka juu huvuliwa habari za mtu wa kwanza na kuvishwa za mtu anayeingia chini. Hila hii ndiyo iwezeshayo simu ya bei nafuu kuionyesha orodha ya maelfu bila ya kukwama. Na hila hiyo hiyo, mikononi mwa fundi mzembe, huzaa kasoro mbaya kuliko zote za kazi hii, yaani uso wa mtu mmoja kuonekana juu ya jina la mwingine. Husababishwa na picha iliyoagizwa kutoka kwenye mtandao kwa ajili ya mtu wa kwanza, ikachelewa, ikafika wakati safu imekwisha pewa mtu wa pili. Mahali penye intaneti ya kasi haionekani. Panda basi la mjini, ipandishe orodha upesi, na utaiona. Kwa hiyo mhakiki asiipime orodha ofisini kwa fundi.

Huko huko ndani ya basi atazame na namna orodha inavyoendelea kuwaleta watu. Kipande hakiwaagizi wote kwa mara moja. Huwaagiza kwa mafungu, mathalan watu thelathini thelathini, na fungu jipya huitwa msomaji anapokaribia mwisho. Fundi aliyeandika kuwa "nipe watu kuanzia wa thelathini na moja" ameandika kosa, kwa sababu mtu wa kumi akijitoa katika dakika hiyo, aliyekuwa wa thelathini na moja amekuwa wa thelathini, na orodha itamruka asionekane kabisa. Aliyeandika kuwa "nipe wanaomfuata Fulani" yuko salama. Tofauti ya maneno haya mawili ni ndogo katika msimbo, lakini katika kikoba mwanachama asiyeonekana ni mwanachama ambaye hakukumbukwa katika mgao. Na picha ziletwe ndogo, kwa kadiri ya duara zitakamokaa. Kumletea mtu picha kubwa ya kila mwenziwe ili iminywe ndani ya duara dogo ni kumlia bando lake.

Ulaini wa mwendo nao hupimika. Simu nyingi hukichora kioo upya mara 60 kwa sekunde, ikawa kila mchoro una milisekunde kumi na sita na kitu. Safu iliyopambwa kwa vivuli, duara ndani ya duara na pete za rangi huupita muda huo katika simu dhaifu, na kidole huhisi mikwaruzo. Mapambo mengi huondoka yenyewe kwa sababu hii, nami siyalilii.

Rangi, ambazo nimeziahirisha kwa makusudi, zina masharti machache tu. Maandishi na usuli wake vitofautiane angalau kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, kama viwango vya kimataifa vya usomekaji vinavyotaka kwa maandishi ya kawaida. Kijivu chepesi juu ya nyeupe, kipendwacho mno na wasanifu vijana, hakifiki hapo, na chini ya jua la saa saba hakisomeki. Alama ya kijani ya kuonyesha kuwa mtu yupo isiwe rangi peke yake, kwa ajili ya wasiopambanua kijani na nyekundu. Mahali pa kugusa pasipungue vipimo 48 vya Android au 44 vya Apple. Kisha mhakiki aingie katika mipangilio ya simu, azikuze herufi mpaka mwisho, kama wafanyavyo wazazi wetu, airudie orodha: safu iliyopewa kimo kisichobadilika itakuwa imeyakata majina kwa chini, na huo ni ushahidi kuwa fundi hakumfikiria mtu yeyote mwenye umri uliozidi wake. Na asiyeona, atumiaye TalkBack au VoiceOver, asomewe safu kwa pumzi moja, jina kisha cheo, asilazimishwe kupita penye picha, penye nukta na penye kishale, kila kimoja mbali. Kikundi chenye mtu mmoja kiandikwe "Mwanachama 1". Kinachoandika "Wanachama 1" kimetafsiriwa na mtu aliyepewa orodha ya maneno bila ya kuonyeshwa programu.

Kutoka kwa mtu kunastahili mazingatio ya mwisho. Mwaka 2022 WhatsApp iliwawezesha watu kujitoa kimya kimya, wakajua wasimamizi peke yao, na ikaweka mahali pa kuwaona waliotoka katika siku 60 zilizopita. Kwa makundi ya harusi na ya udaku uamuzi huo ni wa kiungwana, umewaondolea watu aibu. Mafundi wengi wameunakili bila ya kutafakari. Katika kikoba mtu anayetoka ana akiba ya kurudishiwa au deni la kulipa, na jina lake halipaswi kupotea kwenye orodha siku ile ile. Na libaki, limefifishwa, limeandikwa tarehe ya kutoka, mpaka hesabu yake ifungwe na mhazini aithibitishe.

Na kabla ya kulipa, mhakiki amtake fundi amweleze alikigeuza kipande kwa njia gani. Waliokiunda wameacha nafasi maalumu za fundi kuingiza mstari wa pili wake mwenyewe, au mwisho wake wa safu, au vitufe vyake, na aliyezitumia nafasi hizo ataweza kupokea toleo jipya la kipande bila ya taabu kubwa. Wako wengine ambao, nafasi zilipowabana, waliuchukua msimbo wa ndani wa kipande, wakaunakili katika kazi yao na kuuhariri humo. Orodha zao huenda zikawa nzuri kuliko za wale wa kwanza, na mara nyingine haja ya chama haitimizwi kwa njia nyingine yoyote, lakini tangu siku hiyo kila rekebisho la usalama litakalotolewa na kampuni halitawafikia mpaka litiwe kwa mkono. Kazi ya namna hii isikataliwe kwa sababu hiyo tu. Ila katika mkataba iandikwe ni nani atakayelitia rekebisho, katika muda gani, na kwa malipo ya nani.